Maradhi Yasiyo na Kipimo na Madai ya Mafao ya Ulemavu Nchini Marekani

Mafao ya ulemavu, yaani malipo ya kila mwezi anayopewa mtu ambaye maradhi au jeraha limemwondolea uwezo wa kujitafutia riziki, husimama juu ya swali ambalo kwa wagonjwa wengi lina jibu la haraka. Mtu aliyekatwa mguu, aliyepooza upande mmoja wa mwili au ambaye figo zake zimeshindwa kazi hahitaji kubishana na karani kama kweli anaumwa, kwa kuwa macho ya kawaida, picha ya eksirei au kipimo cha damu humaliza ubishi. Lipo hata hivyo kundi kubwa la maradhi sugu ambayo mpaka sasa hayana kipimo kimoja cha kuyathibitisha: fibromayalgia, inayoleta maumivu yaliyotapakaa mwilini pamoja na usingizi usioburudisha, ugonjwa wa uchovu sugu, ambao mgonjwa wake huzidiwa baada ya juhudi ndogo ya mwili au ya akili, kipandauso kikali, na katika miaka ya karibuni, hali ya kuendelea kuugua kwa miezi au miaka baada ya UVIKO-19. Wagonjwa hawa wanapodai mafao, jambo linalobishaniwa huonekana kuwa la kitabibu. Likifuatiliwa katika historia ya Marekani, nchi ambayo imeandika kanuni nyingi kuhusu suala hili na kuzibishania mahakamani kwa zaidi ya nusu karne, hudhihirika kuwa ni jambo la kuaminiana: neno la nani lichukuliwe kuwa ushahidi, na kwa kiasi gani. Kila marekebisho ya sheria yameihamisha imani hiyo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, bila kuondoa haja yake.

Bima ya ulemavu ya serikali kuu ya Marekani ilianzishwa mwaka 1956, baada ya kipengele chake kupita katika Seneti kwa kura 47 dhidi ya 45, na Rais Dwight Eisenhower akautia saini muswada mwezi Agosti mwaka huo. Mwanzoni iliwahusu wafanyakazi wenye umri wa kuanzia miaka 50 tu, na kikomo hicho cha umri kiliondolewa mwaka 1960. Miongoni mwa waliopinga vikali walikuwa madaktari wenyewe kupitia chama chao cha kitaifa. Waliuogopa mpango huo kama mlango wa serikali kuingilia taaluma yao, lakini pia, kama alivyoonyesha mwanasayansi wa siasa Deborah Stone katika kitabu chake The Disabled State cha mwaka 1984, walikuwa na sababu ya kitaalamu: hawakuamini kwamba daktari anaweza kupima kwa uhakika kutoweza kufanya kazi. Bunge liliwasikiliza, kisha likawakabidhi kazi hiyohiyo waliyosema haiwezekani. Wabunge walihitaji mlinzi wa mlango, na sayansi ya tiba, kwa heshima iliyokuwa nayo katika kizazi kilichoshuhudia antibiotiki na chanjo ya polio, ilionekana kuwa mlinzi asiyehongeka wala kuonea huruma.

Ufafanuzi wa sheria ulidai tangu mwanzo kwamba mwombaji asiweze kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana kwa sababu ya hitilafu ya mwili au ya akili inayothibitika kitabibu. Katika miaka ya 1960 mahakama zilianza kulegeza tafsiri hiyo kwa faida ya waombaji, na mwaka 1967 Bunge likajibu kwa kuongeza maneno ambayo hadi leo ndiyo kiini cha tatizo: hitilafu hiyo lazima itokane na kasoro za maumbile, za utendaji wa mwili au za kisaikolojia zinazoonekana kwa mbinu za uchunguzi wa kliniki na za maabara zinazokubalika katika taaluma ya tiba. Sentensi hiyo iliandikwa na watu waliokuwa wakiwazia mgongo, moyo na mapafu ya wafanyakazi wa migodini na viwandani. Haikuandikwa kwa nia ya kuwafungia nje wagonjwa wa maradhi yasiyo na kipimo, kwani wakati huo hakuna aliyewafikiria kama kundi; iliwafungia nje kwa kutowafikiria.

Kanuni za Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, chombo kinachosimamia mafao hayo, hutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Dalili ni kile ambacho mgonjwa mwenyewe anakieleza, kwa mfano maumivu, kizunguzungu au uchovu. Ishara ni kile ambacho daktari anakigundua kwa kumchunguza mgonjwa, kama vile uvimbe, udhaifu wa msuli au mabadiliko ya mwendo. Matokeo ya maabara ni yale yanayotolewa na mashine, darubini au kemikali. Kwa mujibu wa kanuni, dalili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba hitilafu ipo, hata ikielezwa kwa ufasaha wa namna gani na mtu mwaminifu wa kiasi gani. Mwaka 1984, baada ya serikali ya Rais Ronald Reagan kuwaondoa mamia ya maelfu ya watu katika orodha ya wanufaika na kuzusha ghadhabu nchini kote, Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ambayo iliwalinda wengi, lakini hata sheria hiyo ya huruma ilitamka kuwa kauli ya mtu kuhusu maumivu yake haitoshi kuwa ushahidi wa mwisho. Yaani maumivu yalikubaliwa kuwa kitu halisi kwa sharti kwamba yaletwe na shahidi mwingine.

Maombi hupita katika hatua tano. Huangaliwa kwanza kama mwombaji anafanya kazi inayozidi kiwango fulani cha kipato, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa wasio vipofu. Kisha kama ana hitilafu nzito iliyothibitika kitabibu ambayo imedumu au inatarajiwa kudumu kwa miezi 12 mfululizo au zaidi, au kusababisha kifo. Kisha kama hitilafu hiyo inalingana na mojawapo ya zile zilizomo katika orodha rasmi ya Mamlaka, ambazo zikithibitika mwombaji hukubaliwa bila maswali zaidi. Asipokubaliwa hapo, huangaliwa kama anaweza kurudia kazi aliyokuwa akiifanya, na mwishowe kama anaweza kufanya kazi nyingine yoyote iliyopo kwa wingi katika uchumi wa taifa. Katika orodha hiyo haimo fibromayalgia wala ugonjwa wa uchovu sugu. Mgonjwa wake akishavuka hatua ya pili, ambayo kwake ndiyo jabali la kwanza, hulazimika kwenda hadi ya nne na ya tano, ambako jina la ugonjwa halina tena uzito na hoja zote ni za saa, kilo na siku.

Kuhusu jabali hilo la kwanza, Mamlaka ilichukua muda mrefu kutoa mwongozo. Mwaka 1996 Jaji Richard Posner wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, iliyoko Chicago, aliandika uamuzi uliokuja kunukuliwa mara nyingi, ambamo alimkosoa jaji wa utawala, yaani yule anayesikiliza madai haya ndani ya Mamlaka, kwa kutoielewa fibromayalgia, akaeleza kwamba dalili zake zote hutegemea kauli ya mgonjwa na kwamba hakuna kipimo cha maabara cha kuonyesha uwepo wake wala ukali wake. Hakusema kwamba kila mwenye ugonjwa huo alipwe. Alisema wengi wao wanaweza kufanya kazi na wachache hawawezi, na kwamba shughuli nzima ni kumjua mwombaji aliye mbele ya jaji ni wa kundi lipi. Mwongozo rasmi kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu ulitolewa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2014, na ule wa fibromayalgia ulitolewa mwaka 2012.

Miongozo hii inastahili kusomwa kwa makini, maana inaonyesha jinsi sheria isiyotaka kubadili maneno yake inavyoweza kupanuliwa kwa ndani. Kwa fibromayalgia, Mamlaka ilikubali vigezo viwili vilivyotungwa na chama cha mabingwa wa maradhi ya viungo nchini humo. Cha kwanza, cha mwaka 1990, kinadai maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na maumivu katika angalau sehemu 11 kati ya 18 maalumu daktari anapozibonyeza kwa nguvu ya takriban kilo 4. Cha pili, cha mwaka 2010, kiliachana na kubonyeza. Kwa jinsi Mamlaka ilivyokipokea, kinadai maumivu hayohayo pamoja na dalili sita au zaidi zinazojirudia, kama uchovu, kuamka bila kuburudika, matatizo ya kumbukumbu, sonona, wasiwasi au tumbo linalovurugika mara kwa mara. Katika vyote viwili daktari lazima awe ameondoa uwezekano wa maradhi mengine, kwa hiyo vipimo vinavyotoka safi, ambavyo karani asiyeelewa angevichukua kuwa ushahidi dhidi ya mwombaji, hugeuka kuwa sehemu ya ushahidi wake. Msomaji ataona kilichotendeka. Mgonjwa anaposema “panauma” daktari anapombonyeza, kauli yake inaandikwa kwenye faili kama ishara iliyogunduliwa na daktari, na hivyo inavuka mpaka ambao kanuni zilisema dalili haiwezi kuuvuka. Ni hila, lakini ni hila njema, na hakuna aliyeweza kubuni njia nyingine bila kurudi bungeni.

Mwongozo wa ugonjwa wa uchovu sugu ulikwenda njia tofauti kidogo. Unataja ishara zinazokubalika, kama tezi za limfu zilizovimba au zinazouma zikiguswa na misuli inayouma kwa miezi 6 mfululizo, na pia matokeo kadhaa ya maabara, yakiwemo ya kipimo cha kitanda kinachoinuliwa, ambacho mgonjwa hufungwa juu yake na kusimamishwa polepole ili ionekane kama shinikizo la damu linaporomoka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha ugonjwa wenyewe, na wagonjwa wengi hawana hata kimoja. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti iliyokadiria wagonjwa kuwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 nchini humo na wengi wao hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani, ilitaja kuzidiwa baada ya juhudi kuwa alama kuu ya ugonjwa huu. Alama hiyo inaweza kuonekana kwa kumpandisha mgonjwa kwenye baiskeli ya mazoezi huku pumzi zake zikipimwa, kisha kurudia siku inayofuata: mtu asiye mgonjwa hutoa takriban matokeo yaleyale, ilhali wagonjwa wengi hushuka siku ya pili. Kipimo hicho kina kasoro inayotia uchungu, kwamba hupata ushahidi kwa kumzidishia mgonjwa maradhi, na wapo wanaolala kitandani kwa wiki kadhaa baada yake. Wale walio hoi zaidi hawawezi hata kukijaribu.

Jabali la kwanza likivukwa, huja swali la uwezo uliosalia wa kufanya kazi, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho mwombaji bado anaweza kukifanya, kwa mfululizo, saa 8 kwa siku na siku 5 kwa wiki. Hapa ndipo maradhi yanayopanda na kushuka yanapoonewa zaidi, na uonevu huo hautokani na ukatili wa mtu yeyote bali na umbo la swali. Mgonjwa wa uchovu sugu anaweza Jumatatu kupika, kufua na kwenda dukani, kisha akalala hadi Alhamisi. Akijaza fomu ya maelezo ya shughuli za kila siku, ambayo humuuliza kama anapika, anafua na anakwenda dukani, jibu la kweli kwa kila swali ni ndiyo. Fomu haina nafasi ya kutosha kuuliza siku zilizofuata zilikuwaje. Mahakama za rufaa zimekemea mara nyingi tabia ya majaji wa utawala ya kulinganisha kazi za nyumbani, ambazo mtu huzifanya kwa mwendo wake na kupumzika apendapo, na kazi ya ajira yenye msimamizi na saa ya kuingia, lakini kosa hilo hujirudia kwa sababu karatasi yenyewe hulialika.

Hali ni hiyohiyo katika mafaili ya hospitali. Daktari wa Marekani mwenye dakika 15 kwa kila mgonjwa huandika kwa mazoea kwamba mgonjwa yuko vizuri, hana dhiki ya ghafla, anatembea kawaida. Maneno hayo, aliyoyaandika kwa ajili ya matibabu na si kwa ajili ya baraza lolote, husomwa miaka miwili baadaye na jaji kama ushahidi kwamba mwombaji anatia chumvi. Hapo wageni wanaozungumza Kiswahili wana hatari yao ya ziada. Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Wakongomani walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na mtu aliyelelewa kujibu salamu ya daktari kwa “nzuri, namshukuru Mungu” hata akiwa taabani huwa ametoa ushahidi dhidi yake kabla ya kukaa kitini. Mamlaka hutoa wakalimani bila malipo, jambo ambalo waombaji wengi hawalijui na badala yake humleta mtoto wao atafsiri, na mtoto huona haya kutaja baadhi ya mambo ya mwili wa mama yake. Wakimbizi ambao hawajafanya kazi Marekani kwa muda wa kutosha hutegemea mpango wa pili, ule wa ruzuku kwa maskini wazee, vipofu na walemavu ulioanza kulipa mwaka 1974, na tangu mageuzi ya ustawi wa jamii ya mwaka 1996 haki yao katika mpango huo ina kikomo, ambacho sasa ni miaka 7, isipokuwa wakipata uraia.

Uzito wa neno la daktari umebadilika mara mbili katika kizazi kimoja. Kanuni za mwaka 1991 zilimpa daktari anayemtibu mwombaji kauli ya kutawala, mradi maoni yake yameungwa mkono na uchunguzi unaokubalika na hayapingani na ushahidi mwingine mkubwa katika faili. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 27 Machi 2017 upendeleo huo uliondolewa. Sasa maoni ya kila daktari, awe amemtibu mgonjwa miaka 10 au amesoma karatasi zake kwa dakika 20 tu, hupimwa hasa kwa jinsi yalivyoungwa mkono na maelezo ya aliyeyatoa na kwa jinsi yanavyoafikiana na ushahidi mwingine. Kwa maradhi yenye kipimo, mabadiliko haya hayana uzito mkubwa. Kwa yasiyo na kipimo yalikuwa pigo, kwa sababu thamani pekee ya ziada aliyokuwa nayo daktari wa mgonjwa ni kumjua kwa muda mrefu, kumwona akiwa na nafuu na akiwa hoi, na huo ndio ujuzi ambao kanuni mpya ziliushusha cheo. Mwaka mmoja kabla, mwezi Machi 2016, Mamlaka ilikuwa imechukua hatua ya upande wa pili: iliacha kutumia dhana ya uaminifu wa mwombaji na kuwaelekeza majaji wapime dalili zake zinavyoafikiana na rekodi, badala ya kuipima tabia yake kama mtu. Lilikuwa badiliko la heshima, ingawa jaji anayetaka kusema “simwamini” amejifunza kuandika kwamba maelezo hayaafikiani na rekodi.

Mbele ya jaji wa utawala, ambako mwombaji hufika baada ya kukataliwa mara mbili na kusubiri kwa miezi mingi, shahidi mwenye nguvu huwa si daktari bali mtaalamu wa masuala ya ajira. Jaji humwelezea mtu wa kubuni mwenye mipaka fulani ya mwili na akili, naye hutaja kazi ambazo mtu huyo angeweza kuzifanya. Kwa miongo mingi wataalamu hawa wamezitoa kazi hizo katika kamusi ya kazi ya serikali ambayo mara ya mwisho ilihuishwa mwaka 1991, na mpaka miaka michache iliyopita waombaji waliweza kukataliwa kwa hoja kwamba wangeweza kuchambua njugu au kukagua vijiti vya useremala. Mwaka 2024 Mamlaka iliamua kuziweka kando zaidi ya kazi 100 za aina hiyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ilikataa kuweka kanuni kwamba mtaalamu asiyetaka kutoa takwimu zake za siri kuhusu idadi ya kazi hawezi kutegemewa. Kwa hiyo mgonjwa anatakiwa athibitishe maumivu yake kwa nyaraka, naye anayeshuhudia kwamba kazi zipo anaweza kuaminiwa bila kuzitoa zake. Hata hivyo ushahidi wa mtaalamu huyohuyo ndio mara nyingi unaomwokoa mwombaji wa maradhi yanayopanda na kushuka, kwani wakili makini humuuliza swali moja tu: mtu atakayekosa kazini siku mbili au zaidi kila mwezi, au atakayepoteza sehemu ya saa za kazi za kila siku akiwa amelala chini, ataajiriwa na nani? Jibu la kawaida ni kwamba hakuna. Waliobobea katika madai haya huwashauri wagonjwa wawaombe madaktari wao waandike kuhusu siku na saa, si kuhusu jina la ugonjwa, na wahifadhi shajara fupi ya siku mbaya, kwa sababu hapo ndipo kesi huamuliwa.

Umri nao huingia kwa namna ambayo wagonjwa wachache huitarajia. Jedwali la Mamlaka la mwaka 1978 humpa afueni mwombaji wa miaka 50 na zaidi ambaye anaweza kazi ya kukaa tu lakini hana ujuzi wa kuhamishia huko. Aliye chini ya umri huo kwa kawaida lazima aonyeshe kwamba hata kazi ya kukaa inamshinda. Ugonjwa wa uchovu sugu huwashika wengi wakiwa bado vijana. Bima nayo ina tarehe ya mwisho: kwa mtu mzima wa makamo, haki ya kudai humtaka kwa kawaida awe amechangia kwa miaka 5 kati ya 10 iliyotangulia kuanza kwa ulemavu, na mgonjwa aliyepunguza saa za kazi kidogo kidogo, akabadili waajiri na kuzunguka kwa madaktari kwa miaka mingi kabla ya kuambiwa anaumwa nini, anaweza kupata jina la ugonjwa wake baada ya bima kumalizika muda.

Hoja inayotolewa kutetea ukali wote huu ni udanganyifu, na si hoja ya kupuuzwa, kwa kuwa fedha za mfuko ni za wafanyakazi wenzake mwombaji. Lakini kesi kubwa kuliko zote ya udanganyifu katika mpango huu, ile ya wakili Eric Conn wa Kentucky aliyekiri makosa mwaka 2017 kuhusu njama yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 550, haikufanikiwa kwa sababu ya wagonjwa waliosema uongo kuhusu maumivu yasiyopimika. Conn aliwalipa madaktari watie saini fomu zilizokwisha kujazwa na akamhonga jaji wa utawala azikubali. Uongo ulipitia palepale ambapo mfumo uliweka imani yake, kwenye karatasi ya kitabibu, na mamia ya wateja wake, wengi wao wagonjwa wa kweli, ndio waliopoteza mafao wakati faili zao zilipofumuliwa.

Marekani hiyohiyo imeshaonyesha kwamba inaweza kuamua vingine ikitaka. Baada ya Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ambavyo ilipeleka karibu askari 700,000, maelfu yao walirudi na uchovu, maumivu ya viungo, upele na kupoteza kumbukumbu, na madaktari wa jeshi hawakupata sababu. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu askari hao kulipwa fidia kwa ugonjwa ambao haujatambuliwa, yaani kwa ugonjwa usio na jina wala kipimo, na mwaka 2001 ikaongezwa kwamba maradhi sugu yasiyoelezeka kitabibu, yakiwemo fibromayalgia na ugonjwa wa uchovu sugu, yachukuliwe kuwa yametokana na utumishi wao. Askari hatakiwi kuonyesha chanzo. Sheria inakidhania kwa niaba yake. Ni kweli kwamba fidia ya askari ni deni la taifa kwa aliyelitumikia, haimdai awe ameshindwa kazi zote na hutolewa kwa asilimia, na kwamba wapo wengi waliokataliwa hata baada ya sheria hiyo. Bado tofauti ni kubwa: mwili ule ule, wenye maumivu yaleyale, hudhaniwa kusema kweli ukivaa gwanda na hudaiwa ushahidi ukivaa ovaroli la kiwandani. Sayansi haikubadilika kati ya ofisi hizo mbili.

Bima za binafsi zinazotolewa na waajiri hukaa upande wa mbali zaidi. Mikataba mingi huweka kikomo cha miezi 24 kwa madai yanayotegemea hasa dalili zinazoelezwa na mgonjwa mwenyewe, kampuni hutuma wapelelezi wamrekodi mwombaji akibeba mfuko wa dukani, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni hizo hazilazimiki kuyapa maoni ya daktari anayemtibu mgonjwa uzito wa pekee. Nchini Uingereza mwelekeo ni mwingine. Kanuni za malipo ya ulemavu yaliyoanza mwaka 2013 husema kwamba mtu huhesabiwa kuweza jambo iwapo tu analifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia na katika muda usiozidi kiasi, na huangalia hali yake katika zaidi ya nusu ya siku. Utekelezaji wake umelalamikiwa sana, lakini kama swali la kumuuliza mgonjwa ambaye Jumatatu yake haifanani na Alhamisi yake, lina maana kuliko la Marekani.

UVIKO-19 umelirudisha suala hili mezani kwa idadi ya watu ambayo haiwezi kusukumwa pembeni. Mwezi Juni 2024 Akademia za Kitaifa za Sayansi, katika ripoti iliyoagizwa na Mamlaka yenyewe, zilieleza kwamba madhara matatu ya muda mrefu ya ugonjwa huo, yaani uchovu sugu pamoja na kuzidiwa baada ya juhudi, kudhoofika kwa fikra, na kuvurugika kwa mfumo wa neva unaoendesha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hayamo ipasavyo katika orodha rasmi ya hitilafu, ni magumu kuyapima, na yanaathiri sana uwezo wa kufanya kazi. Watafiti wengi wanatafuta alama katika damu, na kuna wagonjwa wanaoamini kwamba siku itakapopatikana vita vyao na makarani vitakwisha. Historia ya maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu utando wa neva, haitoi ahadi hiyo. Kabla ya picha za MRI kuenea katika miaka ya 1980, utambuzi wake ulitegemea hasa historia ya mgonjwa na uchunguzi wa kliniki. Leo makovu yake kwenye ubongo yanaonekana wazi, ugonjwa umo katika orodha, na hakuna jaji anayeuliza kama upo. Lakini wingi wa makovu kwenye picha haulingani vyema na ulemavu wa mgonjwa. Yuko mwenye mengi anayekwenda kazini kila siku na mwenye machache asiyeweza, na huyo wa pili, ambaye uchovu ndio uliomwangusha, anafika mbele ya jaji wa utawala akiwa na picha safi kabisa ya ugonjwa wake, kisha anaulizwa siku ngapi kwa mwezi angekosa kazini, na nani anaweza kulithibitisha hilo.